Siku Nane Paka Wetu Hakula

Kama umemchukua paka wako kliniki baada ya kuhasiwa, na sasa mate yanamtoka, anajikwaruza mdomo kwa mguu wa mbele, anaisogelea sahani kisha anageuka, na daktari amekuambia ungoje, basi maneno haya ni yako. Mimi nilingoja. Paka wetu sasa ni mzima, na hivi ninavyoandika amelala dirishani anatazama theluji ikiyeyuka kwenye maegesho ya magari. Mimi bado nina hasira. Mume wangu ananishauri nisubiri zipoe ndipo niandike. Zikipoa nitaandika kwa adabu, na adabu ndiyo iliyokaribia kumuua mnyama huyu.

Tulihamia Burnsville kutoka Hopkins, vitongoji viwili vya jiji moja huku ughaibuni, kiangazi kilichopita, kwa sababu Baba Wakesho alipata kazi ya maabara upande wa kusini na alichoka kuendesha gari saa nzima kila asubuhi. Binti yetu Wakesho alikuwa na miaka kumi. Kule Hopkins aliacha rafiki mmoja, wa mlango wa pili, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa naye. Shule ya huku ilipofunguliwa alinyamaza. Mwalimu alinipigia simu wiki ya tatu kuniambia mtoto hajatamka neno darasani, akauliza kama nyumbani tunazungumza. Tunazungumza sana, nilimwambia, labda kupita kiasi. Lakini Wakesho mwenyewe alikuwa akinijibu kwa Kiingereza, neno moja au mawili, halafu anaingia chumbani. Nilipomuuliza anataka nini duniani, alinijibu kwa neno moja kwamba anataka paka. Akanionyesha picha kwenye kitabu cha maktaba: paka wa Kiajemi, manyoya tele, uso bapa.

Kule Savage, mji wa jirani, kulikuwa na mwanamke aliyefuga paka wa aina hiyo, wenye karatasi za ukoo zinazotaja babu na bibi zao mpaka vizazi vitano nyuma. Mume wangu alizisoma mezani kwa huyo mwanamke, akasema paka huyu anaujua ukoo wake kuliko yeye. Tulipewa dume la rangi ya krimu, la wiki kumi na mbili, kwa sharti kwamba lihasiwe likifika miezi sita, la sivyo karatasi hatupewi na paka anarudi Savage. Nilitia sahihi. Wakesho alimwita Chapati, kwa sababu uso wake ulikaa kana kwamba umekandamizwa kwenye kikaango.

Oktoba mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Taita. Wakesho humwita Nyanya, mimi humwita Mama. Baridi ilimfungia ndani, na yeye si mtu wa kukaa mikono mitupu, kwa hiyo alifuma. Alikuwa na sindano yake yenye ndoano na mabunda ya uzi aliyokuja nayo kwenye sanduku, mweupe kwa katikati na wa kijani kwa ukingo. Kufikia Krismasi hakikubaki kiti, meza, televisheni wala simu ambayo haikuvalishwa kitambaa. Nyanya alimchukia paka kwa siku mbili. Alisema mnyama hakai ndani na watu, nywele zake zitaingia kwenye ugali. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikamkuta amempakata, Wakesho ameketi ubavuni mwake, na Wakesho anamsimulia paka habari za shule. Anamsimulia kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo Nyanya humsemesha nayo Chapati. Mimi mama yake nilijibiwa Kiingereza, paka akapewa Kiswahili. Sikulalamika. Nilisimama kwenye korido na koti langu mwilini, nikasikiliza.

Kwa hiyo nikisema niliogopa paka atakufa, elewa nilichoogopa. Niliogopa mtoto atanyamaza tena, na safari hiyo nisijue pa kumtafuta.

Tulimpeleka kuhasiwa Alhamisi moja ya Januari. Kliniki ilikuwa karibu na barabara kuu, kati ya duka la mazulia na duka la matairi. Nilimwacha kabla ya kwenda kazini, nikamchukua jioni. Alikuwa amelegea na ananuka dawa. Mapokezi walinipa karatasi: asiruke, asijilambe, ale kidogo. Nyumbani Nyanya alikuwa ameshaandaa mahali pa mgonjwa. Alichukua kikapu chake cha kufumia, akamlaza humo, akamfunika kwa kitambaa alichokuwa hajakimaliza, kwa sababu kwake mgonjwa hufunikwa, awe mtu awe ng'ombe. Nilimshukuru. Nilikwenda kupika.

Ijumaa mate yakaanza. Kidevu chote kilikuwa kimelowa, manyoya yameshikana. Chapati alikuwa anasukuma mdomo wake kwa mguu kana kwamba kuna kitu kimenata. Nilimwekea nyama laini ya kopo, akaikimbilia, akainusa, akafungua kinywa, akarudi nyuma. Alirudia mara nne. Hakuna kitu kinachoudhi macho kama kiumbe mwenye njaa anayekiogopa chakula. Nilipiga simu kliniki. Binti wa mapokezi aliniambia ni ule mpira wa kupumulia waliomtia kooni wakati wa usingizi, umemkwaruza, siku mbili tatu atapoa.

Nyanya alisikiliza nikimtafsiria, akatikisa kichwa. "Huyu hana shida ya koo. Mwenye koo bovu hula kisha akaumia. Huyu hataki hata chakula kimguse ulimi."

"Mama, daktari ndiye anayejua," nilimjibu. Nayakumbuka maneno yangu vizuri kwa sababu baadaye nilitamani kuyararua.

Jumamosi nilimrudisha. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki, mbwa wawili wanaotetemeka, na mzee mwenye sungura kwenye sanduku la viatu. Tulingoja kwa saa moja na nusu. Wakesho alikaa na kikapu cha kumbebea paka magotini, kidole chake kimepenya kwenye tundu la waya, na paka amekiegemeza kidevu chake kilicholowa. Mama mmoja alimuuliza paka wake anaitwa nani. Wakesho alinitazama mimi nijibu.

Daktari alikuwa mwanamume mchangamfu, mwenye tai iliyochorwa bata. Alimshika Chapati taya, akafungua mdomo, akatazama kwa muda wa kufumba na kufumbua, akaufunga. Ufizi mwekundu, akasema. Meno ya utu uzima yanamalizika kuota, tena kuna mkwaruzo wa mpira, na hawa wenye uso bapa ni wa kudeka. Akanipa antibiotiki ya maji ya rangi ya waridi, nimpe mara mbili kwa siku.

Nikasema asante daktari.

Sasa acha nikuambie kazi yangu, uone kwa nini ile asante inanichoma. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee. Kazi yangu ni vinywa. Kila asubuhi nawasafisha watu wazima kumi na wawili ambao hawawezi kujisafisha: natoa meno ya bandia, nachukua kijiti chenye sponji, napitisha kwenye mashavu, nauinua ulimi, natazama chini yake. Chini ya ulimi ndiko mambo yanakojificha. Nimetoa huko vidonge vya juzi, mfupa wa kuku, hata kitufe cha sweta. Miaka sita nafanya hivyo. Lakini siku ya kwanza kazini nesi mkuu alinifundisha jambo lingine pia: sema ulichokiona, usiseme ni nini. Bibi wa chumba cha tano hajala, shavu la kushoto limevimba. Basi, umemaliza. Ukisema ana jipu unaitwa ofisini. Miaka sita ya kufunga mdomo mbele ya koti jeupe humwingia mtu mwilini. Mbele ya yule bwana wa bata nilitoa ripoti yangu vizuri, mate, kujikwaruza, kukataa chakula, halafu nikanyamaza kama ninavyonyamaza kazini. Sikumwambia kwamba mimi nikitazama kinywa, huwa nauinua ulimi. Na nyumbani sikuuinua mwenyewe, kwa sababu daktari alikuwa ameshatazama.

Dawa ile ya waridi tulimpa kwa bomba dogo la plastiki. Nusu ilitoka na mate, ikamchafua shingo nzima. Baba Wakesho aliturushia jicho kutoka kwenye gazeti lake.

"Mama Wakesho, mnyama ametolewa vitu vyake, unataka acheke?"

"Nataka ale."

"Atakula. Njaa haina adabu. Hata mimi ningenuna wiki nzima."

Nilimtupia taulo lililojaa mate. Tuligombana, na si kwa sababu ya paka peke yake. Tuligombana kuhusu kuhama, kuhusu Hopkins, kuhusu mama yake ambaye anakaa hadi Aprili na ambaye mimi ndiye ninayempikia. Yote hayo niliyasema kwa sauti ambayo ukuta wa ghorofa hauwezi kuizuia. Nyanya alikuwa sebuleni. Aliinua sauti ya televisheni, kipindi cha mchezo wa kubahatisha ambacho haelewi neno lake moja.

Jumapili ilikuwa zamu yetu kuandaa ibada ya nyumbani. Wakenya wa kusini mwa mji tunazunguka nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwezi, tunaimba, tunaomba, tunakula. Watu ishirini hivi walijaa juu ya vitambaa vya Nyanya. Ulipofika wakati wa maombi, mzee anayeongoza akauliza nani ana haja. Mmoja alitaja karatasi zake za uhamiaji, mwingine shangazi mgonjwa Machakos. Kisha Wakesho akasimama.

Mtoto ambaye tangu Septemba hakusema mbele ya watu alisimama katikati ya sebule, akashika sketi yake, akasema kwa Kiswahili, "Naomba tumwombee Chapati. Hali chakula. Na Mungu anisamehe."

Walicheka. Hawakumcheka kwa ubaya, watasema, na najua watasema hivyo, kwa sababu walishasema. Kijana mmoja anayesomea uhasibu akauliza, "Ati tuombee chapo? Si tuile tu?" na sebule nzima ikalipuka. Mzee alitabasamu, akamshika Wakesho bega, akamwambia tunawaombea watu kwanza, wanyama Mungu anawaona. Wakesho alikaa chini. Uso wake ulifungwa mbele ya macho yangu.

"Mnacheka nini?" niliuliza.

Nilienda jikoni, nikazima moto chini ya pilau, nikarudi nikawaambia chakula hakipo, ibada imekwisha. Mume wangu aliniita kwa jina langu la ubatizo, jambo analofanya nikiwa nimevuka mpaka. Nilikuwa nimeuvuka na sikutaka kurudi. Watu walivaa makoti yao wakatoka. Hadi leo kuna wawili hawanisalimii, na sijawatafuta.

Jumatatu Chapati alianza kutapika. Povu la njano, kidogo kidogo. Nyanya alikoroga uji mwepesi wa mchele, akawa anampaka kwenye mdomo kwa kidole, na paka akawa analamba kwa ncha ya ulimi huku akitetemeka. Alikuwa mwepesi. Ukipitisha mkono mgongoni chini ya yale manyoya yote ulikuta mifupa imepangana. Yeye aliyezoea kulala chali, miguu juu, sasa alijikunja kama mtu anayeficha tumbo.

Jumanne nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka tena. Bwana wa bata alimpima uzito, akakunja uso, akamgusa tumbo juu juu. Mdomo alitazama tena, kwa mbele. Halafu akaanza kuniuliza mimi maswali. Je, tunampa chakula chetu? Maana vyakula vya kwetu, alisikia, vina viungo vikali. Nikamwambia anakula kopo lile lile linalouzwa pale mapokezi kwake. Je, tunaishi wangapi kwenye nyumba? Paka hawa wanahisi msongamano, wanaathirika na kelele, baada ya kuhasiwa wengine huingia huzuni. Wanne, nilimwambia, na mmoja wao ni bibi kizee anayefuma. Akaandika kitu. Akasema tumwangalie mpaka wiki ijayo, asipobadilika atamfanyia vipimo.

Nikasema asante daktari. Mara ya pili. Nilitoka nikaketi kwenye gari, nikaupiga usukani kwa viganja mpaka honi ikalia yenyewe na mtu wa duka la matairi akatoka nje kutazama.

Jumatano na Alhamisi sina la kuandika. Alilala. Wakesho hakutaka kwenda shule, nikamlazimisha. Alirudi akalala sakafuni kando ya kikapu, hakumsemesha hata paka.

Ijumaa, siku ya nane, nilirudi kutoka kazini saa tisa na nusu za alasiri. Asubuhi ile nilikuwa nimemsafisha kinywa babu mmoja ambaye hula kwa mrija, na nilipouinua ulimi wake nilisimama na kile kijiti mkononi. Nilijisikia mjinga. Nilifika nyumbani, sikuvua hata viatu vya theluji.

Nilitandika taulo mezani karibu na dirisha. Nikawasha taa ya kusomea ya Wakesho. Nikanawa mikono. Nikamwambia Wakesho amfunge paka ndani ya taulo jingine, kichwa tu kibaki nje, amkumbatie kwa nguvu bila kumbana. Chapati hakupigana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikafungua taya kwa mkono mmoja. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili nikasukuma kutoka nje, chini ya kidevu, katikati ya mifupa ya taya, kama ninavyowafanyia wale wasioweza kunyanyua ulimi wenyewe. Ulimi ukapanda.

Chini yake kulikuwa na mstari wa kijani. Ulikuwa umezama kwenye nyama, nyama imevimba pande zote mbili na kugeuka rangi ya usaha. Ulikuwa uzi. Ulizunguka shina la ulimi, na pande zake mbili zikashuka kooni, hazionekani mwisho.

Nyanya alikuwa nyuma yangu. Aliuona pale nilipouona. "Uvute," alisema, na mkono wake ukapita juu ya bega langu, vidole vimeshatangulia.

Nilimpiga. Nilimpiga mama mkwe wangu kofi la mkononi, kama unavyompiga mtoto anayeshika sufuria ya moto. Kazini tumefundishwa kwamba kitu kilichoingia mwilini mwa mtu usikivute kama mwisho wake huuoni. Hilo ningeweza kumweleza baadaye, lakini wakati ule sikueleza lolote. Nilisema tu, "Usiguse!" kwa sauti ambayo hata yeye hajawahi kuwasemesha nayo mbuzi. Alijirudisha nyuma, akaushika mkono wake.

Sikupiga simu kwa bwana wa bata. Kuna hospitali kubwa ya wanyama upande wa Saint Paul, na huko ndiko nilikoelekea, theluji ikipeperuka barabarani, Wakesho nyuma na kikapu, Nyanya mbele kando yangu akiwa na leso mbili chini ya koti la mwanawe. Sikumwomba aje. Alijiingiza tu garini.

Daktari wa huko alikuwa mwanamke mwenye mvi fupi. Aliuinua ulimi kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. "Nani aliuona?" aliuliza.

"Mimi."

"Hukuuvuta?"

"Sikuuvuta."

"Basi umemwokoa." Akanieleza kwamba uzi umenasa kwenye ulimi na sehemu iliyobaki imeshuka matumboni, na utumbo umejikunja juu yake kama kiuno cha suruali kinavyojikunja ukivuta kamba. Ungevutwa, ungekata kama kisu. Alitaka kumpasua saa ile ile. Alisema wazi kwamba huenda asipone, kwa sababu ya siku zilizopita.

Tulingoja kwenye ukumbi uliokuwa na tangi la samaki na mashine ya kahawa. Wakesho alisimama mbele ya samaki, akatugeuzia mgongo. Nyanya aliketi kiti cha pili kutoka kwangu, hakuketi kile cha karibu.

"Ule uzi ni wangu," alisema.

"Najua, Mama. Nina macho."

"Asubuhi ile baada ya kupasuliwa nilikuta ukingo wa kitambaa umetafunwa. Uzi mrefu haupo. Nikafumua kidogo, nikaunga, nikaendelea."

Nilimgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua umekatika. Sikujua umemezwa. Mbuzi hutafuna nguo nzima na hafi."

"Siku nane, Mama. Siku nane nakutafsiria maneno ya daktari, wewe unanyamaza."

"Mimi ni mgeni kwako," alisema. "Mgeni hasemi ameharibu kitu kabla hajaulizwa."

Nilisimama, nikaenda kusimama kando ya mashine ya kahawa ambayo sikuitaka. Kama ningebaki ningesema jambo la kuvunja nyumba. Kwa siku tatu sikumwita Mama. Nilimwekea chakula, nikamwekea maji ya kuoga, sikumwita kwa jina lolote. Sijivunii. Naandika ilivyokuwa.

Chapati hakufa. Walimkata sehemu mbili za utumbo, wakautoa uzi vipande vipande, na siku ya pili akala kijiko kimoja cha nyama iliyosagwa, kimoja tu, na muuguzi wa pale akanipigia simu kazini kuniambia. Nililia kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashuka ya wazee. Mwenzangu mmoja kutoka Mexico alinishika mkono, akafikiri nimefiwa.

Jumatatu nilirudi kliniki ya kwanza kuchukua faili lake. Bwana wa bata alitoka mwenyewe mapokezi, safari hii tai ina samaki. Kiingereza changu huwa kinanikimbia nikikasirika, lakini siku ile kilikuja chote.

"Hukuuinua ulimi," nilimwambia. "Mara mbili."

Alisema uzi chini ya ulimi ni rahisi kupita bila kuonekana.

"Ni rahisi kama hutazami. Mimi huinua ndimi kumi na mbili kila asubuhi kwenye makao ya wazee, na mshahara wangu unaweza kuukisia."

Wenye mbwa waliacha kusoma magazeti yao. Akashusha sauti, akasema ningemwambia kwamba nyumbani kuna uzi.

"Hukuuliza nyumbani kuna nini," nilisema. "Uliuliza kuna nani."

Akaomba msamaha, na nafikiri aliomba kwa dhati. Niliupokea. Nilitoka na faili langu nikidhani sasa nitapumua. Sikupumua. Yeye alikosea, na namtaja hapa ili wewe usiogope kumwambia daktari wako amnyanyue paka wako ulimi mbele ya macho yako, hata akikunja uso.

Jumatano tulimrudisha Chapati nyumbani, tumbo limenyolewa, mshono mrefu kama zipu. Wakesho aliketi sakafuni akampakata. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nachanganya dawa. Nyanya alishuka kwenye kochi, na kushuka sakafuni kwa magoti yake si jambo dogo, akakaa mbele ya mtoto.

"Mjukuu wangu," alisema, "uzi uliomdhuru paka wako ulikuwa wangu. Nilikuta kitambaa kimetafunwa, nikanyamaza. Nimekukosea."

Wakesho hakuinua kichwa. "Si wewe, Nyanya," alisema kwa Kiswahili. "Mimi niliuona."

"Uliuona wapi?"

"Ulikuwa unaning'inia hapa." Akagusa pembe ya mdomo wake. "Ile jioni ametoka kupasuliwa. Nikauvuta kidogo, akalia. Nikaukata na mkasi, usionekane."

Chupa ya dawa ilikuwa mkononi mwangu. "Kwa nini hukuniambia?" niliuliza, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, au labda kubwa kama inavyotoka siku zote.

Hakunijibu mimi. Alimtazama bibi yake. "Angekugombeza," alimwambia. "Halafu ungerudi nyumbani."

Nilipiga hatua mbili kuingia sebuleni. Maneno yalikuwa yameshafika kinywani, yote, ya siku nane na ya mwaka mzima. Wakesho aliniona nakuja. Alimfunika paka masikio kwa viganja vyake viwili, akafumba macho, akangoja.

Niliketi chini palepale nilipokuwa, na sikusema kitu. Ilichukua muda mrefu kabla hajaiondoa mikono.